Waziri wa Furaha Aliyeomba Kupumzika

Vijana mpendao michezo, bila shaka mmelisikia jina la Bibi Ons Jabeur wa Tunisia. Alizaliwa mwaka 1994 katika mji wa Ksar Hellal, na mwezi wa Juni 2022 alihesabiwa mchezaji wa pili wa tenisi duniani, daraja ambayo hapana mwanamke wa Kiarabu aliyepata kuifikia kabla yake. Kwa uchangamfu wake, watu wa kwao walimpa lakabu ya Waziri wa Furaha. (Wako watakaouliza juu ya mavazi ya mchezo huo. Hilo ni somo jingine, na leo hatuligusi.)

Alilotaka Bibi huyu ni taji moja kati ya yale makubwa manne. Alifika fainali ya Wimbledon mwaka 2022, akashindwa na Elena Rybakina. Mwaka huo huo akafika fainali ya New York, akashindwa na Iga Świątek. Mwaka 2023 akarudi Wimbledon, na mara hii Markéta Vondroušová akamshinda. Alilia mbele ya umati, akasema kuwa hajapata kushindwa kwa uchungu kama ule.

Kisha mwili ukaanza kudai haki yake. Goti lilimzuia kwenda Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, na bega likamfungia mwaka ule kabla haujaisha.

Mtu atauliza: anayeumwa mbona hapumziki? Jawabu limo katika hesabu za mchezo wenyewe. Alama za mchezaji hudumu majuma 52 tu. Asipocheza tena, alama humtoka na daraja hushuka. Na viwanja havifanani. Januari huko Australia ni sakafu ngumu; Mei na Juni, Paris, ni udongo mwekundu; majuma machache baadaye, Uingereza, ni majani; Agosti, New York, ni sakafu ngumu tena. Mguu uliozoea kuteleza juu ya udongo hutakiwa ghafula kujizuia juu ya majani, na goti ndilo lilipalo.

Rafael Nadal wa Hispania alishinda Paris mwaka 2022, mara yake ya 14, huku mguu wake umetiwa ganzi kwa sindano. Wengi walimsifu kwa ushujaa. Sisi twaiona sifa hiyo kuwa ni khatari kwa kijana aisikiaye, na mwenyewe Nadal alisema hataki kuendelea kucheza kwa sindano.

Mtume wetu (S.A.W.) alipopata khabari kuwa Abdullah bin Amr afunga kila siku na kusali usiku kucha, alimzuia, akamjulisha kuwa mwili wake una haki juu yake. Ikiwa ibada yenyewe imewekewa kiasi, sembuse raketi?

Juni 2025, siku ya joto kali, Bibi Ons aliingia Wimbledon katika duru ya kwanza. Pumzi zikamwia nzito, akaacha mchezo katika seti ya pili. Baadaye alitangaza kuwa kwa miaka miwili amejisukuma kupita kiasi pamoja na majeraha, na kwamba kwa muda mrefu hakuiona furaha uwanjani. Alikuwa na miaka 30, na siku ya kurudi hakuitaja.