Karo ya Chuo Kikuu: Fomu na Ijazwe Nyumbani

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka na binti akapata C+ au zaidi, nyumba hujaa vigelegele. Baadaye huja barua ya chuo, na ndani yake mna hesabu ya karo ambayo baba huisoma kimya. Hapo ndipo tunapopenda kuzungumza na wazazi, na hasa kina mama, kwa kuwa wao ndio wajuao zaidi nyumbani mna nini na hamna nini.

Tangu mwaka 2023, wanafunzi wanaopelekwa na serikali katika vyuo vikuu vya umma hawagharamiwi tena kwa kipimo kimoja. Kila mmoja huomba mwenyewe kwenye tovuti ya serikali, hali ya kwao hupimwa, kisha hutiwa katika kundi moja kati ya matano. Aliye kundi la kwanza, lenye dhiki zaidi, hupata ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya masomo na mkopo wa asilimia 25. Wazazi hutoa 5. Aliye kundi la tano hupata ufadhili wa 30 na mkopo wa 30. Wazazi hutoa 40. Tuseme masomo yagharimu shilingi 200,000 kwa mwaka. Mzazi mmoja atatafuta 10,000, na jirani yake atatafuta 80,000. Mpango huu umebishaniwa mahakamani. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba, na rufaa ikafuata. Ni vyema basi kuthibitisha viwango vya mwaka husika kabla ya kupiga hesabu.

Kinachomweka mtoto katika kundi hili au lile ni majibu ya maswali: mapato ya wazazi, idadi ya wanaotegemea nyumba hiyo, ndugu walioko shuleni, uyatima, ulemavu. Nasi tunaona kila mwaka vijana wakiyajibu peke yao kwenye simu, usiku, siku chache kabla ya muda kufungwa. Kijana ataandika kwamba baba ni mfanyabiashara, ilhali baba auza mahamri asubuhi na hana duka. Atawataja ndugu zake wawili na kuwasahau watoto wa marehemu khalati wanaolelewa humo humo. Hasemi uongo, hajui tu kwamba hayo yanahesabiwa. Mama akikaa naye saa moja, na kitambulisho na vyeti vya vifo vya waliofariki vikiwa mezani, fomu itasema kweli yote. Na kundi likitoka lisilolingana na hali, mwanafunzi anaruhusiwa kuomba lipitiwe upya. Wengi hunung'unika barazani wala hawaombi.

Liko jambo zito zaidi, nalo ni mkopo. Mkopo hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, na mkopo wa shahada ya kwanza umekuwa ukitozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Ziko nyumba zinazojizuia kwa ajili hiyo. Hukumu yake tunawaachia masheikh. Mzazi na amuulize anayemwamini, na amuulize mapema, fomu ikiwa bado haijajazwa. Letu ni kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa. Ufadhili si mkopo. Haulipwi, hauna riba, na hautoki HELB bali Mfuko wa Vyuo Vikuu. Anayeukataa mkopo hana sababu ya kuuacha na ufadhili.

Lakini na ajue anachokibeba. Katika mfano wetu, mzazi wa kundi la kwanza akiukataa mkopo atatafuta 60,000 badala ya 10,000. Fedha za kujikimu, ambazo kwa kundi hilo ni 60,000 kwa mwaka, nazo ni mkopo. Jumla ni 120,000 kila mwaka, kwa miaka minne. Nyumba chache za kwetu zinaweza, na mara nyingi ni binti anayeambiwa angoje kakake amalize kwanza.

Hapa jamii ina la kufanya, na si geni. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah ilianzisha mwaka 1983 mpango wa kuwasomesha vijana wa Kiislamu wa nchi zisizo wanachama wake, Kenya ikiwemo. Mwanafunzi alipewa karadha isiyo na riba. Akishapata kazi alirejesha, na alichorejesha kikaingia katika mfuko wa jamii yake ili asome mwingine. Hata Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, iliyosimama kwa michango, miongoni mwake ya Aga Khan, ya Sultani wa Zanzibar na ya jamaa wa Kibohra. Msikiti wenye maduka ya wakfu unaweza kuanza na wanafunzi wawili.

Kwa mwaka huu, wasioweza kungoja mfuko huo na waulizie basari ya eneo bunge, pamoja na ofisi ya mlezi wa wanafunzi chuoni, ambako mara nyingine hupatikana kazi za muda za maktaba au za jikoni. Basari kwa kawaida hulipwa chuoni moja kwa moja, kwa hiyo barua ya kuitwa na nambari ya usajili ziwe tayari kabla ya kwenda kupanga foleni.