Unahama Huduma ya Muziki? Funga Mfereji wa Pesa Kwanza

Spotify ilipofika Kenya mwaka wa 2021, ilikuta Boomplay, Mdundo na Apple Music tayari ziko sokoni. Ni raha kwetu wasikilizaji: ukichoka na moja, unahamia nyingine. Labda bei yake ni nafuu, labda nyimbo unazopenda zimejaa huko. Hakuna ubaya. Shida ni pale wewe umehama lakini pesa zako bado zinaenda kule ulikotoka.

Hebu tupige hesabu. Tuseme huduma ya zamani inakukata shilingi 300 kila mwezi. Usipoifunga, kwa mwaka umelipa shilingi 3,600 kwa muziki ambao hata husikilizi. Hizo ni tokeni za stima, na zimeondoka kidogo kidogo bila wewe kushtuka.

Kufuta programu si kughairi usajili

Hapa ndipo wengi huponyokwa na pesa. Ukiondoa programu kwenye simu, umeondoa ile picha ndogo tu. Mkataba wa malipo bado uko, kwa sababu haukai kwenye simu yako, unakaa kwenye akaunti yako. Kwa hivyo swali la kwanza ni hili: nani hasa anakata pesa?

- Google Play. Fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, nenda kwenye malipo na usajili, chagua huduma hiyo kisha ughairi.
- Apple. Kwenye iPhone, fungua mipangilio, gusa jina lako, halafu usajili. Kama uko kwenye majaribio ya bure, ghairi angalau saa 24 kabla hayajaisha, la sivyo utatozwa.
- Kadi. Iwe ya benki au kadi pepe iliyounganishwa na pesa za simu, huduma inahifadhi namba yake na kujikatia yenyewe. Ingia kwenye akaunti yako ya huduma hiyo, kwa mfano kupitia tovuti ya Spotify, na ughairi huko.
- Pesa za simu moja kwa moja. Kama kila mwezi unaletewa ujumbe wa kuweka PIN, basi usipoweka PIN hakuna kinachokatwa. Muda ukiisha, umeisha.
- Airtime. Kama salio linapungua bila kupiga simu wala kununua bando, angalia menyu ya huduma ulizojiunga nazo kwenye mtandao wako, au piga huduma kwa wateja.

Usiogope kughairi mapema. Kwa Spotify, na hata kwa usajili wa Google Play, ukighairi leo unaendelea kusikiliza mpaka siku ulizolipia ziishe.

Beba orodha zako kabla ya kutoka

Orodha ya nyimbo za matanga, za mazoezi, za safari ya ushago wakati wa Krismasi: hiyo ni kazi ya miaka. Usiiache. Kuna huduma kama Soundiiz na TuneMyMusic ambazo husoma orodha upande mmja na kuijenga upya upande mwingine. Hakikisha kwanza kwamba huduma zako zote mbili ziko kwenye orodha yao. Toleo la bure huwa na kikomo, lakini kwa orodha chache linatosha.

Fanya hivi kabla usajili wa zamani haujaisha. Spotify ukiacha kulipa unarudi kwenye toleo la bure na orodha zako unazikuta. Apple Music haina toleo la bure, kwa hivyo ukitoka mlango unafungwa.

Kumbuka pia kwamba kinachohama ni majina ya nyimbo tu. Wimbo usiopatikana kule uendako hautaonekana, na mara nyingine utaletewa toleo tofauti, kama lile la jukwaani. Pitia orodha zako mwenyewe, hasa kama una benga za zamani au nyimbo za wasanii wadogo wa mtaani.

Bando nayo ni gharama

Nyimbo ulizopakua hazihami. Zimefungwa ndani ya programu ya zamani, kwa hivyo utazipakua upya. Wimbo wa dakika 4 kwa ubora wa kilobiti 96 kwa sekunde ni karibu MB 3. Kwa ubora wa juu wa kilobiti 320 ni karibu MB 10. Ukiwa na nyimbo 300, tofauti ni kati ya MB 900 na GB 3. Tafuta Wi-Fi, au punguza ubora kwenye mipangilio kabla ya kuanza.

Kama mnalipa pamoja

Kifurushi cha familia cha Spotify kinabeba watu hadi 6 wanaoishi nyumba moja. Aliyekifungua akighairi, wote wanarudi kwenye toleo la bure. Kama ni wewe, waambie wenzako mapema, na kama kuna aliyekutumia mchango wa mwezi ujao, mrudishie. Undugu ni wa thamani kuliko muziki.

Jihadhari na bei ya kutupa

Ukiona mtu mtandaoni anauza usajili wa mwaka mzima kwa bei ya mwezi mmoja, na anataka utume pesa kwa namba yake binafsi, pita. Lipa ndani ya programu au kwenye tovuti rasmi, na usome jina la anayelipwa kabla ya kuweka PIN. Hakuna huduma ya muziki inayohitaji kuambiwa PIN yako, si kwa simu wala kwa SMS.

Mwezi ukiisha, hakikisha

Weka kikumbusho siku mbili baada ya tarehe yako ya kawaida ya kulipa. Siku hiyo fungua taarifa ya akaunti yako na uangalie: jina la huduma ya zamani halifai kuwa hapo. Likiwa hapo, wasiliana na huduma hiyo mara moja ukiwa na namba ya muamala mkononi.

Ukishaona ni huduma moja tu inayokata, basi umehama kweli. Weka earphone, furahia ngoma.