Vibao vya akriliki: Kwa nini leza na printa hazielewani bila vipimo

MTEJA anapoingia katika karakana ya mabango pale River Road, Nairobi, na kuagiza vibao 60 vya milango ya ofisi, haulizi vitatengenezwa vipi. Anachotaka ni maandishi yasiyochubuka, kingo laini na bei nafuu. Kwa miaka mingi agizo la aina hiyo lilipitia mikono kadhaa: mmoja alichapisha stika, mwingine akaibandika juu ya akriliki, wa tatu akakata. Baada ya kupigwa na jua, stika huanza kujikunja pembeni, na lawama humrudia mwenye karakana.

Ndiyo maana wengi katika biashara hii wanavutiwa na mitambo miwili inayofanya kazi kwa pamoja: printa inayotia wino moja kwa moja juu ya akriliki, mbao au chuma, na mashine ya leza inayokata maumbo. Mitambo yenyewe ni ghali, lakini aghalabu hasara haitokani na bei yake. Hutokea bamba linapotolewa kwenye mtambo mmoja na kuwekwa kwenye mwingine.

Leza inayotumiwa zaidi kwa kazi hii ni ya gesi ya kaboni dayoksaidi, aina iliyobuniwa na mwanasayansi Kumar Patel katika maabara ya Bell Labs nchini Marekani mnamo 1964. Mwale wake hauonekani kwa macho, na akriliki huufyonza vyema mno. Pale unapogusa, akriliki hugeuka mvuke na kuacha ukingo unaong'aa kana kwamba umepigwa msasa na kusuguliwa. Printa nayo hunyunyiza matone madogo ya wino usiokauka kwa hewa. Wino huo hugandishwa papo hapo na taa ya miale ya urujuanimno inayosafiri pamoja na kichwa cha kuchapishia.

Kwa agizo la vibao 60, njia ya kawaida ni kuchapisha vyote juu ya bamba moja, kisha kukata. Hapo ndipo hesabu inapoanza. Mita moja ya akriliki hurefuka kwa takriban milimita 0.07 joto linapopanda kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Bamba la mita 2.4 lililochapishwa asubuhi kukiwa na baridi, kisha likakatwa alasiri chini ya paa la mabati joto likiwa limeongezeka kwa nyuzi 10, litakuwa limerefuka kwa karibu milimita 1.7. Kibao chenye mpaka wa rangi wa milimita 2 kitatoka kimepinda upande mmoja, na hata asiyejua lolote kuhusu uchapishaji ataliona kosa hilo.

Dawa yake ni alama ndogo zinazochapishwa kwenye pembe za bamba pamoja na kazi yenyewe. Kamera iliyofungwa kwenye kichwa cha leza huzitafuta alama hizo, na tarakilishi hurekebisha njia ya kukata ilingane na bamba jinsi lilivyolala na lilivyotanuka. Asiye na kamera huweka vizuizi kwenye meza zote mbili ili pembe ile ile ya bamba iguse mahali pale pale. Vizuizi vitazuia bamba kukaa upande, lakini havitasaidia kitu kuhusu joto. Isitoshe, leza yenyewe hula akriliki, kwa kawaida milimita 0.1 hadi 0.3, na rangi ya usuli inafaa ipite mstari wa kukatia kwa milimita 2 au 3 ili weupe usichungulie ukingoni.

Njia ya pili ni kukata kwanza, kisha kuchapisha. Hii huwafaa wanaoongeza kibao kimoja au viwili baada ya mfanyakazi mpya kuajiriwa, au wanaotumia mabaki. Leza hukata matundu kwenye ubao mwembamba kwa kufuata mchoro ule ule, ubao huo ukawekwa kwenye meza ya printa, na kila kipande kikatiwa katika tundu lake. Hatari ni kipande kilichojikunja: kichwa cha printa hupita milimita chache tu juu yake, na kikigongwa gharama ya kukibadilisha inaweza kumeza faida ya miezi. Akriliki inayong'aa kama kioo pia ina hila yake. Huakisi miale ya taa hadi kwenye kichwa hicho na kugandisha wino ndani ya vitundu vyake.

Jambo ambalo mwandishi huyu angependa litiliwe mkazo zaidi ni la afya. Printa haibagui, hupokea akriliki, mbao, na ule ubao mweupe mwepesi wa PVC unaopendwa kwa sababu ya urahisi wake. Fundi aliyemaliza kuchapisha hushawishika kuupitisha kwenye leza kama alivyofanya na bamba lililotangulia. PVC ina klorini. Ikichomwa na leza hutoa gesi ambayo ikikutana na unyevu hugeuka asidi, ikaumiza mapafu ya aliye karibu na kutia kutu vyuma na kuharibu vioo vya mtambo. Ubao huo hukatwa kwa kisu au kwa msumeno. Anayeshuku plastiki asiyoijua anaweza kupasha moto waya wa shaba, kuugusisha kwenye plastiki hiyo, kisha kuurudisha motoni mahali penye hewa. Mwali ukigeuka kijani, isikaribie leza.

Baada ya kukata, masizi kwenye ukingo yafutwe kwa maji vuguvugu yenye sabuni. Spiriti huacha nyufa nyembamba kama nywele, kwa kuwa joto la leza limeacha mkazo ndani ya akriliki.

Stima nayo ina lake. Ikipotea katikati ya kuchapisha, kama ilivyotukia nchi nzima Agosti 2023, ni vigumu mno kuendelea pale pale bila kuacha mstari, na mara nyingi bamba hilo huwa limeharibika. Wino mweupe usipokorogwa hutuama na kuziba vitundu.

Na kabla ya lolote, maandishi yasomwe na mtu wa pili. "Chumba cha Kusubria" kikichapishwa mara 60 bila kasoro ya kipimo bado ni vibao 60 vya kutupwa.

Kwa mwenye maagizo machache, si lazima anunue mitambo yote miwili. Anaweza kuchapisha kwake na kumlipa jirani mwenye leza amkatie, mradi ampelekee faili iliyo na alama za pembeni, pamoja na kipande cha majaribio cha kukatwa kwanza.