Mbio za Masafa ya Kati ni Vita vya Kasi na Subira

Na Afisa Uhusiano wa Jeshi

Katika mashindano ya riadha ya vikosi vyetu, yawe ya jeshi, ya polisi au ya magereza, kuna jambo moja lijirudialo katika mbio za mita 1500. Mara bastola inapolia, askari vijana hutoka kwa kishindo kana kwamba wametumwa kuteka daraja, huku wenzao wa kikosi wakiwashangilia kando ya uwanja. Mzunguko wa kwanza huisha kwa vifijo. Katika mzunguko wa pili vifijo hupungua. Kufika wa tatu, yule aliyekuwa mbele huonekana shingo imemkaza na mabega yamempanda, na kuruta asiyejulikana na mtu humpita kimya kimya. Baadaye husemwa kwamba kijana huyo hakuwa na pumzi. Aghalabu maelezo hayo si ya kweli. Pumzi alikuwa nayo, ila aliitumia mahali pasipostahili.

Nchi hii iliyomtoa John Akii-Bua, askari wa polisi aliyetwaa nishani ya dhahabu mjini Munich mwaka 1972, haina upungufu wa miguu yenye nguvu. Linalotupasa kujifunza ni jinsi ya kuitumia miguu hiyo kwa mpango. Yafaa basi tutazame mbio chache mashuhuri, tuone zilivyopangwa, kwa nini zilifaulu, na kwa nini nyingine hazikufaulu.

Kwanza tufahamu asili ya mbio zenyewe. Mita 800 ni mizunguko miwili ya uwanja. Mita 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu. Ni mbio ndefu mno kwa mtu kukimbia kwa nguvu zake zote tangu mwanzo, na ni fupi mno kwa mtu kupata nafasi ya kurekebisha kosa. Mkimbiaji anapozidisha kasi, misuli hutumia nguvu upesi kuliko hewa inavyoweza kuifikia. Hapo huwa amekopa, na deni hilo hudaiwa kabla ya kufika kwenye utepe. Anayekopa mapema hulipa mapema, tena kwa riba. Anayekataa kukopa kabisa hufika mwisho akiwa na akiba asiyoweza kuirudia. Ufundi wote wa mbio hizi umo katika kujua lini pa kukopa, na kiasi gani.

Tuanze na mji wa Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968. Jim Ryun wa Marekani alikuwa ndiye mwenye rekodi ya dunia ya mita 1500, yaani dakika 3 na sekunde 33.1, aliyoiweka mjini Los Angeles mwaka 1967. Katika mbio hizo za Los Angeles, Kipchoge Keino, askari wa polisi wa Kenya, aliachwa nyuma kwa takriban sekunde 4. Silaha ya Ryun ilijulikana na kila mtu: alikuwa na mwendo wa mwisho usiozuilika. Ukifika naye pamoja kwenye mzunguko wa mwisho, umekwisha.

Wakenya hawakukubali kupigana katika uwanja aliouchagua Ryun. Mji wa Mexico uko juu ya usawa wa bahari kwa mita 2,240 hivi, na hewa yake ni nyepesi. Ryun na wenzake walikadiria kwamba katika hewa ile, dakika 3 na sekunde 39 zingetosha kumpatia mtu ushindi. Lakini mara mbio zilipoanza, Ben Jipcho wa Kenya alitoka mbele kwa kasi ambayo wengi waliiona kuwa ni ya kichaa, akamaliza mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56 hivi. Keino alimfuata, na kabla ya nusu ya pili kwenda mbali akaishika mbele mwenyewe. Ryun alibaki nyuma akishika mpango wake, akiamini kwamba walio mbele wataanguka kwa kukosa hewa. Hawakuanguka wote. Keino alifika kwa dakika 3 na sekunde 34.9, na Ryun akafika wa pili kwa dakika 3 na sekunde 37.8.

Askari ayatazame vyema mahesabu hayo. Ryun alikimbia vizuri kuliko alivyokuwa amepanga. Mpango wake ulitimia, tena ukapita kiasi, na bado alishindwa, kwa kuwa ulikuwa mpango wa kushinda mbio nyingine, siyo mbio zilizokimbiwa siku ile.

Jipcho je? Alimaliza wa kumi. Baada ya miaka alimwomba Ryun radhi kwa kazi aliyoifanya siku ile, na tangu hapo watu wamehojiana iwapo kazi hiyo ilikuwa ya haki. Mwandishi wa makala haya huona kwamba hakuna sheria iliyovunjwa, wala hakuna mtu aliyezuiwa njia. Mbio zilifanywa ngumu kwa kila aliyekuwamo, Keino naye akiwemo. Swali zito zaidi ni jingine: je, yule anayetolewa mbele ili mwenzake ashinde anajua anachokitoa, na wanaompeleka wanakumbuka baadaye kumpa heshima yake? Jipcho hakuwa mkimbiaji dhaifu aliyefaa kwa kazi hiyo tu. Mwaka 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, alitwaa nishani ya dhahabu katika mita 5000 na katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, na nishani ya shaba katika mita 1500. Aliyejitoa Mexico alikuwa bingwa aliyekuwa hajapata siku yake.

Mpango huo lakini si dawa ya kila ugonjwa. Mjini Tokyo mwaka 2021, katika mita 10,000, ambazo kwa hakika si mbio za masafa ya kati, Stephen Kissa wa Uganda alitoka mbele peke yake mapema ili kuifanya mbio iwe kali. Safari hii kundi lilimwacha aende zake. Hakuna aliyemfuata, na Kissa hakumaliza. Selemon Barega wa Ethiopia alishinda. Joshua Cheptegei, askari wa polisi wetu, akapata nishani ya fedha, na Jacob Kiplimo ya shaba. Tofauti na Mexico ni dhahiri. Kule, kasi ya Jipcho ilikuwa na mtu wa kuipokea. Kikosi cha mbele kikienda bila kikosi kikuu kufuata, adui hukitazama tu kikichoka.

Keino mwenyewe alionja upande wa pili wa mbinu hizi mjini Munich mwaka 1972. Katika fainali ya mita 1500 hakuna aliyeivuta mbio mapema. Mita 800 za kwanza zilichukua zaidi ya dakika 2. Keino alipoamua kwenda, alikwenda kwa nguvu, lakini Pekka Vasala wa Finland alijibandika nyuma yake, akamruhusu apasue upepo, kisha akampita katika mita za mwisho. Walitofautiana kwa nusu ya sekunde tu. Deni ambalo mwaka 1968 wapinzani walianza kulibeba tangu mzunguko wa kwanza, safari hii halikuwapo.

Katika michezo hiyo hiyo, Dave Wottle wa Marekani alitoa somo la namna nyingine katika mita 800. Mike Boit na Robert Ouko wa Kenya waliongoza kwa kasi, naye Wottle, akiwa na kofia yake kichwani, alikuwa nyuma ya wote katika mzunguko wa kwanza. Wengi walidhani amekwisha. Kumbe alikuwa akikimbia kila mita 200 kwa sekunde 26 na kitu, bila kupanda wala kushuka sana. Mwishoni ilionekana kana kwamba ameongeza kasi ya ajabu, hali ukweli ni kwamba wenzake ndio waliokuwa wakipunguza. Alimshinda Yevhen Arzhanov wa Sovieti kwa sehemu 3 za mia ya sekunde.

Sasa tuje kwa wale wanaochagua kuongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Filbert Bayi, mwanajeshi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch, alikimbia mzunguko wa kwanza chini ya sekunde 55, akawa mbele kwa masafa marefu katikati ya mbio, bila mtu wa kumtolea kasi. John Walker wa New Zealand alimkaribia katika mzunguko wa mwisho, na uwanja mzima ulisimama. Bayi alikuwa bado na akiba. Alifika kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Walker, ingawa alikuwa wa pili, naye aliipita rekodi ya zamani ya Ryun. Haukuwa wazimu. Bayi alijua kwamba hawezi kutegemea bahati katika msongamano wa viwiko, naye alikuwa ameuzoeza mwili wake kuvumilia kasi ile.

Miaka 38 baadaye, tarehe 9 Agosti 2012 mjini London, David Rudisha, afisa wa polisi wa Kenya, aliongoza mita 800 tangu mwanzo. Mzunguko wa kwanza ulikuwa sekunde 49.28, na jumla dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Halimah Nakaayi wa Uganda, kwa upande wake, alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 800 huko Doha mwaka 2019 kwa njia tofauti. Ajee Wilson wa Marekani aliongoza, Nakaayi akakaa karibu, kisha akampita katika mita za mwisho, kwa dakika 1 na sekunde 58.04. Wote wawili ni mabingwa, na hakuna aliyeiga mbio za mwenzake.

Kutokana na hayo, askari anayejiandaa kwa mashindano ya kikosi ana mambo ya kuzingatia. La kwanza ni kuijua kasi yake kama anavyoijua bunduki yake. Akimbie mita 200 mara kumi, mwenzake akiwa na saa, hadi aweze kutaja sekunde zake kabla ya kuambiwa. La pili ni kulinda njia. Anayekimbia mzunguko mzima katika njia ya pili huongeza mita 7 na nusu hivi juu ya zile za mpinzani aliye ndani. Mizunguko mitatu ya namna hiyo huzidi mita 20 za bure. Hata hivyo asijifungie ndani kabisa akazingirwa. Mahali pazuri ni kwenye bega la aliye mbele. La tatu ni kuitambua silaha ya mpinzani. Mwenye mwendo mkali wa mwisho achoshwe mapema. Asiye nao aviziwe hadi mita 200 za mwisho. La nne, akishaamua kwenda, aende bila kugeuza shingo, maana mashambulizi ya nusu nusu humchosha mshambuliaji peke yake.

Kwa makamanda na walimu wa michezo liko neno moja zaidi. Mnapomwagiza askari atoke mbele kumvutia kasi mwenzake, mwelezeni mpango wote, na akubali kwa hiari. Kisha jina lake liandikwe kwenye ubao wa kikosi pamoja na la mshindi, na msimu ufuatao apewe mbio zake mwenyewe.