Bunia: Simu iko Rwambuzi, ramani inasema Kinshasa

Mkaaji wa kartiye Rwambuzi, mjini Bunia, akitafuta mahali alipo kwa njia ya adresi ya IP ya simu yake, asishangae ramani ikimpeleka Kinshasa. Ni zaidi ya kilomita 1,700 kutoka kwake, na hata saa si moja: Bunia inatangulia Kinshasa kwa saa moja.

Adresi ya IP ya kawaida ni namba nne zilizotengwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Hapa Afrika zinagawanywa kwa mafungu na AFRINIC, shirika lenye makao Morisi. Fungu dogo lina adresi 256. Kompani inayolipokea inaandikishwa kwa jina na nchi. Kartiye na avenyu za wanaotumia adresi hizo haziandikwi.

Kompani nyingine, kama MaxMind ya Marekani, zinatengeneza daftari juu ya mafungu hayo: adresi ya kwanza, adresi ya mwisho, nchi, mji, na alama ya ramani. Programu inageuza adresi yako kuwa namba moja kubwa, kisha inatazama imeangukia katika fungu gani. Inasoma kilichoandikwa tu. Haioni mnara wa simu, wala nyumba yako. Kwa nchi inapatia mara nyingi. Kwa mji inakosea sana, zaidi kwa simu za mkononi, maana watu wengi wa miji mbalimbali wanaweza kutokea nyuma ya adresi moja.

Makosa hayo yamewatesa watu. Pale daftari lilipojua nchi tu, lilikuwa likiweka alama katikati ya nchi. Kwa Marekani, alama ilianguka kwenye shamba moja karibu na Potwin, Kansas, na adresi zaidi ya milioni 600 zikaelekezwa hapo. Kwa miaka mingi polisi na watu walioibiwa walifika kuwashuku wenye nyumba ambao hawakujua lolote. Mwandishi Kashmir Hill alifichua jambo hilo mwaka 2016, ndipo MaxMind ikahamishia alama ndani ya ziwa. Nyumba moja ya Pretoria, Afrika ya Kusini, nayo ilipatwa na mkasa wa namna hiyo.

Katika Ituri, jimbo lililowekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, jirani akinyooshewa kidole bure anaweza kupata hatari kuliko kugongewa mlango. Kwa hiyo mtu akikuomba dola ili akuonyeshe, kwa IP, nyumba iliko simu yako iliyoibiwa, mwulize kwanza: adresi hiyo ilitumika siku gani, saa ngapi? Ya saa nne asubuhi inaweza kuwa ya mwingine saa tano. Anayeweza kujua nani aliitumia dakika ile ni kompani ya simu, si kijana mwenye kompyuta sokoni.

GPS ni kitu kingine kabisa: simu yenyewe inapokea ishara za satelaiti na kupiga hesabu. Ndiyo maana simu moja, dakika ile ile, inaweza kuonyesha Rwambuzi kwa GPS na Kinshasa kwa IP.