Hesabu za Jioni Pwani ya Mtwara

Mwanafunzi wa kidato cha pili au cha tatu aketiye na daftari lake baada ya Magharibi, awe Mikindani au kule Msimbati karibu na mlango wa mto Ruvuma, aghalabu hashindwi na kuzidisha wala kugawanya, maana hayo alikwisha kuyapata tangu shule ya msingi. Limshindalo ni kuyatoa maneno ya swali na kuyatia katika mlinganyo, na taabu hiyo humzidia kwa kuwa hesabu aliyoizoea kwa Kiswahili sasa aulizwa kwa Kiingereza, hata asitambue kama lililomkwaza ni hesabu au ni lugha.

Natuchukue swali la papo hapo. Tangu msimu wa 2007/2008, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanzia mkoani Mtwara, mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, zikapimwa, zikapangwa madaraja, kisha zikangoja mnada. Tuseme mkulima wa Nanyamba amepeleka kilo 500, baadhi za daraja la kwanza kwa shilingi 3,300 kila kilo, zilizosalia za daraja la pili kwa shilingi 2,600, akapokea shilingi 1,510,000. (Bei ni za kubuni, na makato nimeyaacha kwa makusudi, maana yakiingia humu hatulali.) Je, kilo za daraja la kwanza zilikuwa ngapi?

Mzee asiyejua aljebra hata chembe atajibu hivi: lau zote zingekuwa za daraja la pili, angepata shilingi 1,300,000, amepata zaidi ya hapo kwa shilingi 210,000, na kwa kuwa kila kilo ya daraja la kwanza huongeza shilingi 700, basi kilo hizo ni 300. Mwanafunzi naye aziita kilo hizo x, aandika 3,300x + 2,600(500 − x) = 1,510,000, afungua mabano, apata 700x = 210,000, na x ni 300. Ukiitazama kwa makini, ile 1,300,000 ya mzee ndiyo itokayo mabanoni, na zile 700 zake ndizo zisimamazo mbele ya x. Mtoto hakufanya ila kuyaandika mawazo ya babu yake kwa ufupi. Ndiyo maana siridhiki na ile kanuni ya haraka ya kwamba namba ikivuka alama ya sawasawa hugeuka: mlinganyo ni mizani, na ukiondoa kitu sahani ya huku, huna budi kuondoa kadiri ile ile sahani ya kule, wala hakuna kilichovuka.

Elimu hii yenyewe si ngeni pwani. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra huko Baghdad takriban mwaka 820, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na mirathi, na ajuaye faraidhi, yaani mgawanyo wa mirathi wa Kiislamu, hufanya hesabu za namna hiyo hiyo: mke akifa akaacha mume, mwana mmoja wa kiume na mabinti watatu, robo ni ya mume, na robo tatu zilizobaki hugawanywa mafungu matano, kwani mwana hupata mawili na kila binti moja. Mali ikigawanywa sehemu 20, mume hupata 5, mwana 6, na kila binti 3.

Takwimu nazo zina hila ya namna nyingine, kwa kuwa humo hesabu ni nyepesi na hukumu ndiyo nzito. Chombo cha mvuvi kikileta kilo 6, 8, 5, 7, 9, 6 na 64 kwa siku saba, jumla ni 105 na wastani ni kilo 15, ilhali hakuna siku hata moja iliyokaribia 15. Ukizipanga kwa ukubwa, namba ya kati ni 7, na ijirudiayo ni 6. Mwenye kuuza chombo atataja 15, mwenye kukinunua atataja 7, na wote wawili wamesema kweli. Swali ambalo ningependa mwalimu aliongeze ubaoni ni hili: ile siku ya kilo 64 ikiwa ya kilo 10 tu, ni namba gani itakayobadilika? Wastani utaporomoka kutoka 15 hadi 7 na sehemu mbili za saba, bali ile ya kati itabaki 7 vile vile.