Ofa ya gemu inaisha leo usiku? Piga hesabu kwanza

Saa tano usiku. Uko kitandani Kaptembwa, au hosteli kule Njoro, na tangazo limejaa kwenye simu: konsoli mpya ya kushika mkononi, skrini kubwa, bei nafuu kwa wanunuzi wa kwanza. Ofa inaisha leo usiku. Akiba yako ya miezi minane inakuwasha mfukoni. Tulia kidogo, tupige hesabu.

Mashine zenyewe si mchezo. Steam Deck ilitoka 2022 na skrini ya inchi 7. Mwaka uliofuata Lenovo wakaleta Legion Go yenye inchi 8.8. Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, ina inchi 7.9. Picha ni safi, na gemu za kompyuta unazibeba kwenye begi.

Lakini ukubwa una gharama yake. Legion Go ina uzito wa gramu 854, na betri yake ni ya saa-wati 49.2. Gemu nzito ikifyonza wati 30, bado hujahesabu skrini, betri hiyo haimalizi saa mbili. Ukipanda matatu ya Nairobi pale Nakuru, huenda ikazimika ukiwa umepita Naivasha tu, na safari bado.

Sasa bei. Legion Go ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 699. Tuseme umepewa punguzo la dola 100. Dola ikiwa Sh129, umeokoa Sh12,900 na utalipa kama Sh77,000. Mzigo ukifika nchini, VAT ya 16% peke yake ni zaidi ya Sh12,000. Punguzo karibu lote limemezwa, na bado kuna gharama ya kusafirisha na ada nyingine za forodha.

Halafu jiulize: hizi pesa unampa nani? Duka lenye bidhaa kwenye rafu ni tofauti na kampeni ya mchango kama zile za Kickstarter na Indiegogo. Kwenye kampeni hujanunua kitu. Umechangia mradi, ukaahidiwa mashine. OneXPlayer ya inchi 8.4 ilipitia njia hiyo 2021 na waliochanga wakatumiwa mashine zao. Smach Z ya Uhispania nayo ilichangisha Kickstarter mwaka wa 2016. Miaka mitano baadaye kampuni ikafilisika, na wengi waliolipa hawakuwahi kuishika. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa hivyo kabla ya kutuma pesa, mwulize muuzaji haya:

Mashine imeshaanza kutengenezwa kiwandani, au bado ni ya maonyesho tu?

Bei hii ni pamoja na ushuru na usafirishaji hadi Nakuru?

Ikiharibika, itatengenezwa wapi, na nani atalipa gharama ya kuirudisha?

Nikibadili nia, au mzigo ukichelewa, nitarudishiwa pesa?

Na jiulize mwenyewe moja: unataka kucheza peke yako, au unataka kucheza na mabeste? Kama ni mabeste, PS ya mtaani bado iko, na unalipa kwa gemu.

Lala kwanza. Asubuhi watumie maswali hayo kwa maandishi. Wakikosa kujibu, akiba yako bado iko M-Pesa.